Nyumba ya Magurudumu Kando ya Mto Mosel



Wahenga walisema, "Kuishi kwingi ni kuona mengi." Nami naongeza kwamba kusafiri pamoja na walioishi kwingi ni kuona mengi zaidi. Jioni hii nitawaeleza habari za safari ya siku nane niliyoifanya katika nchi ya Ujerumani, mwezi wa Oktoba, mwaka wa 2024, nikiwa mgeni wa mzee mmoja na mkewe. Mzee alikuwa na umri wa miaka 79, na mkewe miaka 74. Zamani za ujana wao walikaa Tanzania miaka minne, mume akifundisha useremala, mke akiuguza wagonjwa katika hospitali ya misheni. Kwa hiyo Kiswahili wanakijua, ingawa kimeanza kuchakaa kama nguo iliyokaa sandukuni siku nyingi. Mimi nilikuwa nimetumwa kuwazuru wenzetu Wakristo wa huko, na kazi yangu ilipokwisha wazee hawa waliniambia, "Mwalimu, usirudi kwenu kabla hujauona mto."

Msidhani kwamba tulilala katika nyumba za wageni. Tulilala ndani ya motokaa. Ni gari refu lililojengwa kama nyumba: lina vitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi, kabati, choo kidogo, tangi la maji safi na tangi jingine la maji machafu. Jioni husimamishwa katika uwanja uliotengwa kando ya mto, mwenye gari akatoa ada yake, akajaza maji safi, na yale machafu akayamwaga mahali palipowekwa kwa kazi hiyo, wala si mtoni. Gari pamoja na watu na vyombo vyote halikuruhusiwa kuzidi uzito wa kilo 3,500. Hata vitabu vyangu Mama alivishika mkononi kwanza akivipima, ndipo akanikubalia kuvipakia.

Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa na mahali pake, na kila mtu alikuwa na kazi yake. Mzee ndiye aliyeshika usukani, Mama ndiye aliyeshika ramani. Walilinunua gari lile Mzee alipostaafu, na kwa miaka 14 Mama hakuliendesha hata siku moja, ingawa leseni anayo, na motokaa yao ndogo ya kwendea sokoni huiendesha mwenyewe.

Yafaa nieleze kwanza habari za majira. Vitabu vyetu huyaita majira yale vuli, kwa kuwa huangukia miezi ya mvua zetu za vuli; lakini msidanganyike na jina. Kwetu vuli ni wakati wa kupanda, bali kwao ni wakati wa kuvuna na kufunga kazi. Siku huwa fupi, baridi huanza, na majani ya miti hugeuka rangi kabla ya kupukutika. Nilidhani kwamba mti hujipaka rangi mpya. Sivyo. Rangi ya manjano ilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, ila imefunikwa na ile ya kijani ambayo mti huitumia kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Nuru ikipungua, kijani huvunjika na kutoweka, na ile iliyojificha ikaonekana.

Sasa tuje kwenye mto wenyewe. Mosel hutoka katika milima ya Vosges, nchi ya Ufaransa, ukaenda yapata kilometa 545 mpaka unapoingia katika mto mkubwa wa Rhine. Sisi tuliuanza katika kijiji cha Schengen, nchi ya Luxembourg, mahali ikutanapo mipaka ya nchi tatu: Ufaransa, Ujerumani na Luxembourg. Hapo, tarehe 14 Juni 1985, ndani ya meli, wajumbe wa nchi tano walitia sahihi mapatano ya kuondoa polepole ukaguzi wa watu mipakani. Ni kweli kwamba mwaka ule wa safari yetu Ujerumani ilikuwa imerudisha ukaguzi wa muda katika mipaka yake. Walakini, Mzee alisimama ukingoni muda mrefu akiziangalia nchi zile tatu. Alizaliwa mwaka wa 1945, na baba yake alikufa vitani asimwone. Akaniambia, "Baba yangu alipewa bunduki ili auvuke mpaka. Mimi nimeuvuka kwa kununua mkate."

Kutoka hapo tulifika Trier, mji uliojengwa na Warumi. Lango lao kubwa la mawe, Porta Nigra, limesimama tangu karne ya pili baada ya Kristo, na nguzo za daraja lao la wakati uo huo zingali zinabeba motokaa hata leo. Mzee, aliyekuwa fundi, aliyagusa mawe ya lango lile kama mtu agusavyo paji la uso la mtoto mgonjwa.

Baada ya Trier mto hujipinda sana. Toka hapo mpaka Koblenz, kwa kuufuata mto, ni kilometa 190 hivi. Lakini ndege akiruka moja kwa moja hatakwenda zaidi ya nusu yake kwa kadiri ndogo. Zamani mto huu ulikuwa na maji machache wakati wa kiangazi, meli kubwa zisipite. Mwaka wa 1956 Ufaransa, Ujerumani na Luxembourg zilipatana kuutengeneza, na kazi ikafunguliwa rasmi mwaka wa 1964. Walijenga kuta za kuzuia maji, hata mto ukawa kama ngazi, na kando ya kila ukuta wakaweka chumba cha maji chenye malango mawili. Kati ya Trier na Koblenz, pamoja na miji yenyewe, mna vyumba hivyo mahali 10.

Wanafunzi, sikilizeni jinsi kinavyofanya kazi. Tulisimama Detzem tukatazama meli iliyobeba shehena ikitelemka. Iliingia chumbani upande wa juu, na lango likafungwa nyuma yake. Kisha matundu ya chini yakafunguliwa, maji yakatoka yenyewe kwenda upande wa chini, pasipo pampu yo yote, na meli ikashuka pamoja nayo, polepole, yapata mita 9, hata nahodha aliyekuwa sawa na macho yetu akawa chini kama mtu aliye kisimani. Maji yalipolingana na yale ya mto wa chini, lango la pili likafunguka, ikaenda zake. Mzee akasema, "Ingeporomoka hapa ingevunjika. Wameifundisha kushuka." Mama alimtazama, asiseme neno.

Siku ya pili yake, jioni, tulipita katika kijiji chenye njia nyembamba, nyumba za mawe huku na huku. Jua lilikuwa chini, limetupiga usoni. Ghafula tukasikia sauti ya bati kuraruka. Ubavu wa gari ulikuwa umekwaruza pembe ya nyumba, na palikuwa na jeraha lenye urefu wa mkono. Mwenye nyumba alitoka, wakaandikiana majina kwa ajili ya bima, wala hakuna aliyepandisha sauti. Nami nilidhani kwamba mambo yamekwisha.

Lakini Mama alibaki amesimama njiani. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Yule mtoto mwenye baiskeli, ulimwona?"

Mzee akajibu, "Mtoto yupi?"

Alikuwapo msichana wa miaka saba au minane, amesimama na baiskeli yake karibu na pembe ile ile. Mimi nilimwona akirukia mlangoni tulipokaribia. Mama alimwona. Mzee hakumwona kabisa, si kabla wala baadaye.

Usiku ule tulikula supu na mkate, na hakuna aliyesema. Nje mto ulikuwa ukipita bila sauti. Mimi, mtoto wao kwa umri, nililala nikiutazama ufunguo wa gari uliotundikwa kwenye kulabu yake karibu na mlango, nikawaza ni nani atakayeuondoa asubuhi.

Kesho yake tulifika Kues, ng'ambo ya mji wa Bernkastel. Kijiji hiki alizaliwa, mwaka wa 1401, Nicholas wa Kues, mwana wa mwenye mashua, ambaye alisoma sana hata akawa kardinali. Mtu huyu, akiwa hai bado na mwenye nguvu, alijenga nyumba ya kuwatunza wazee 33, kwa hesabu ya miaka aliyoishi Bwana Yesu duniani. Aliipa mashamba ya mizabibu ili mapato yake yawalishe wazee siku zote, akaiachia na vitabu vyake. Alifariki mwaka wa 1464. Mwili wake ulizikwa Roma, bali moyo wake uliletwa katika kanisa dogo la nyumba ile. Na nyumba ile, mabibi na mabwana, mpaka tulipoizuru ilikuwa ingali inatunza wazee, na mizabibu yake ingali inalimwa.

Tulikaa uani. Mzee mmoja wa mle alipita akisukuma kiti chake cha magurudumu, akatuamkia. Ndipo mwenyeji wangu akasema, kana kwamba anajisemea mwenyewe, "Alitengeneza mambo yake kabla ya kulazimishwa."

Mama akamjibu, "Hata meli hufundishwa kushuka."

Alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka juu ya benchi baina yao, akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nami niwe shahidi, "Shika wewe."

Msidhani kwamba mambo yaliyofuata yalikuwa mepesi. Mama alitetemeka. Kilometa ya kwanza tulikwenda kama watu wachukuao mayai. Mzee akawa ndiye mwenye ramani, naye hakujua kuisoma. Miaka 14 yote hakuwahi kuihitaji. Akavaa miwani, akaivua, akatupeleka njia isiyo yake, tukajikuta juu kilimani katikati ya mizabibu, mahali pasipo pa kugeuzia. Mama alisimamisha gari, akamtazama, wakaanza kucheka wote wawili hata machozi yakawatoka. Nikashukuru Mungu, maana tangu jana sikuwa nimesikia kicheko.

Huko juu niliwaona wavunaji. Kwetu Dodoma zabibu hulimwa katika nchi tambarare, na mavuno huwa mara mbili kwa mwaka. Huko huvuna mara moja tu, katika miteremko mikali ajabu. Mteremko wa Calmont, karibu na kijiji cha Bremm, ambao tuliupita baadaye, hufikia nyuzi 65 hivi. Trekta haiwezi kupanda. Watu huchuma kwa mikono, na mahali pengine reli moja nyembamba yenye meno hupandisha mtu na mzigo wake. Ardhi yake ni vipande vya mawe meusi vinavyonywa joto la jua mchana na kulirudisha usiku, ndiyo sababu zabibu huiva katika nchi ya baridi namna ile. Lakini niliona pia makonde yaliyogeuka vichaka, ambayo wenyewe wamezeeka na hapakutokea wa kuyapokea.

Tulimaliza safari Koblenz, ambako Mosel huingia Rhine. Jina lenyewe limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya mahali mito ikutanapo. Kwenye ncha ya nchi ile pana sanamu kubwa ya Kaisari Wilhelm wa Kwanza juu ya farasi. Iliwekwa mwaka wa 1897, ikavunjwa vitani mwaka wa 1945, na nyingine ikawekwa mwaka wa 1993. Nilimwangalia sana, maana ndiye ambaye Februari 1885 alitoa hati iliyofungua mlango wa utawala wa Wajerumani katika nchi yetu, na babu zetu hawakuulizwa neno. Mzee aliniona nikiangalia, akasema, "Huyu alikabidhiwa yasiyo yake."

Mama aliliegesha gari kwa mara moja tu, bila kurudi nyuma. Mzee alishuka, akalizunguka, akaligusa lile jeraha la ubavuni, akasema, "Tusilipake rangi. Na libaki." Walinieleza baadaye kwa barua kwamba halijapakwa, na kwamba safari ya mwaka uliofuata waliifanya kwa mpango ule ule, Mama kwenye usukani. Ila ramani, asema Mama, bado ni hatari.

Wasikilizaji wangu, wengi wetu hatuna nyumba ya magurudumu, wala hatutakuwa nayo. Lakini funguo tunazo. Mmoja anao wa ghala, mwingine wa duka, mwingine ana hati ya shamba aliyoificha chini ya godoro, mwingine amekuwa mwenyekiti wa chama tangu watoto wake hawajazaliwa. Na kando ya kila mmoja wetu yuko mtu aliyeketi miaka mingi akisoma ramani, ambaye hatujapata kumwuliza kama anaweza kuendesha. Mimi sina umri wa kuwafundisha wazee wangu. Nimewaeleza tu niliyoyaona: mtu mwenye nguvu akiuweka ufunguo juu ya benchi kwa mkono wake mwenyewe, na mtoto mmoja wa kijijini akaendelea kupanda baiskeli yake asijue habari.

Kwa herini, na usiku mwema.