Chuo Kikuu na Mkulima wa Mwani wa Pwani ya Tanga



Kazi ya Chuo Kikuu aghalabu hupimwa kwa kuhesabu wahitimu waliovaa majoho na vitabu vilivyopangwa maktabani. Vipimo hivyo ni halali. Lakini katika mkoa wa pwani kama Tanga kipo kipimo kingine, nacho huonekana maji yanapokupwa wakati wa bamvua: safu za kamba zilizofungwa kwenye vigingi, na akina mama walioinama katika maji ya magotini wakifunga mbegu za mwani. Zao hilo halikuletwa na mawimbi. Lilitanguliwa na utafiti.

Mwani ulijulikana pwani tangu zamani. Watu waliuokota ulipotupwa ufukweni, wakaukausha na kuwauzia wafanyabiashara walioupeleka ng'ambo. Uokotaji wa namna hiyo una mwisho wake, kwa kuwa aokotaye hapandi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London na kuwa chuo kikuu cha taifa mwaka 1970, kilimpata mtaalamu wa mimea ya baharini, Profesa Keto Mshigeni. Alisomea shahada ya udaktari Hawaii, akarejea katika miaka ya 1970, akaichunguza mimea ya pwani ya Tanzania na kushikilia hoja moja: kwamba mwani waweza kulimwa baharini kama muhogo ulimwavyo nchi kavu.

Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Katika miaka ya 1990 kikavuka bahari na kuingia Bara. Tanga ilikipokea wakati muafaka. Mwaka 1994 mkoa ulikuwa umeanzisha mpango wa kuhifadhi na kuendeleza ukanda wake wa pwani, baada ya baruti kuyavunja matumbawe na kuwafukuza samaki. Mwani ukawa njia mojawapo ya kumpatia mwananchi shilingi bila ya kuilipua bahari.

Waliokuwa wa kwanza kuishika kazi hiyo kwa wingi ni wanawake, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Mwanamke wa pwani ambaye zamani alingoja kitoweo kirudi na ngalawa alipata zao lake mwenyewe, la kuvunwa baada ya majuma sita hivi, la kukaushwa juani na kupimwa kwa kilo. Karo, sare na bati za nyumba vimetoka humo. Ni mafanikio ya dhahiri, ingawa hayakupata sifa kama alizopata yule samaki wa kale aitwaye silikanti, aliyenaswa mara kwa mara katika nyavu za wavuvi wa Tanga baada ya mwaka 2003, hata ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Silikanti anastahili hifadhi yake. Lakini hajamlipia mtu karo.

Hata hivyo, kazi ya utafiti haikwishi siku mbegu iliposhika. Wakulima hupanda mwani wa aina mbili, spinosamu na kotonii. Spinosamu ni mgumu, nao huvumilia. Bei yake ni ya chini. Kotonii una bei nzuri zaidi, kwa sababu ya ute wake unaotakiwa na viwanda vya vyakula, dawa za meno na vipodozi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kotonii umekuwa ukifa katika maji mafupi, Visiwani na Bara. Maji yakipata joto kupita kiasi, matawi hugeuka meupe, hulainika na kukatika, na mkulima hukuta kamba tupu. Kwa hiyo mama aliyeanza na zao la bei nzuri amebaki na lile la bei duni, na jasho ni lile lile.

Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu hicho, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1978, haikukaa kimya. Dakta Flower Msuya na wenzake wamefanya majaribio ya kuupeleka kotonii katika maji ya kina, ambako joto ni dogo, na ya kutumia nyavu zilizoshonwa mithili ya bomba ili mawimbi yasiung'oe. Mwani huko huota. Wamefundisha pia kuusaga na kuutengeneza sabuni, ili usiuzwe wote ukiwa ghafi kwa bei ipangwayo na mnunuzi.

Hapa ndipo penye fundo. Maji ya kina yanadai chombo na yanadai kuogelea. Wengi wa wakulima hawana mashua, na wanawake wengi wa pwani, ajabu kuisema, hawakufundishwa kuogelea. Utafiti unaoponya mwani na kumwacha mpandaji ufukweni umefika nusu ya njia. Nusu ya pili si ya maprofesa peke yao: mashua ya ushirika ni shauri la halmashauri, na mafunzo ya kuogelea kwa wasichana yanaweza kabisa kuanzia shuleni.

Kuna na suala la lugha. Ripoti nyingi za utafiti wa pwani huandikwa kwa Kiingereza na kusomwa na wataalamu wenyewe kwa wenyewe. Haya yanatokea katika mkoa aliozaliwa Shaaban Robert, na katika chuo kile kile ambacho taasisi yake ya Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Maneno, basi, hayakukosekana. Kilichokosekana ni desturi ya kumrudishia majibu yule aliyetoa kamba zake zifanyiwe majaribio. Kurasa nne za Kiswahili chepesi, zikisomwa kwenye mkutano wa kijiji mbele ya afisa ugani, zingemfaa mkulima kuliko juzuu nzima iliyofungiwa kabatini.

Walimu nao wana nafasi yao. Shule nyingi, kuanzia Mkinga hadi Pangani, ziko hatua chache kutoka mashamba ya mwani. Kipimajoto kimoja na daftari moja vyatosha: wanafunzi wapime joto la maji kila bamvua, saa ile ile, mahali pale pale, waandike pia siku matawi yalipoanza kuwa meupe. Baada ya miaka miwili daftari hilo litakuwa na habari za ufuo wao wenyewe ambazo mtafiti anayekuja kwa siku tatu hawezi kuzipata, na Taasisi ya Unguja itakuwa na sababu ya kuwaandikia.