Habari ya Biti za Rauta na Beringi Zake



Tumepewa nafasi tuseme habari ya biti za rauta. Twajua wako watakaosema hili ni jambo dogo la maseremala. Lakini ubao ukitoka na mstari mweusi, ni mshahara wa nani unaokatwa? Basi tusikilizane.

Rauta huzungusha biti mara 8,000 hata 24,000 kwa dakika, kwa kadiri ilivyopangwa. Biti pana, ya milimita 50 au zaidi, haifai kupelekwa mbio hizo za juu. Mara 12,000 zatosha. Biti nyingi zina beringi ndogo nchani, nayo hutembea juu ya ukingo wa kielelezo na kuizuia biti isizame. Sisi wa reli twazijua beringi. Ekseli ya behewa ikikosa mafuta, sanduku lake hushika moto njiani na gari zima husimama. Hii ya rauta ni ndugu yake mdogo. Ikikwama, huzunguka pamoja na biti na kuunguza mti, na watu husema fundi alikuwa amelala.

Adui wa kwanza ni uchafu. Paini ina utomvu mwingi, na gundi ya plaiwudi hula makali upesi kuliko mti wenyewe. Kabla ya kusafisha tuchomoe waya wa umeme ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Kisha tufungue skrubu ya beringi na kuiweka beringi kando. Biti ilowe robo saa katika maji ya moto yenye magadi, isuguliwe kwa mswaki mkuukuu, ikaushwe vizuri, ipakwe mafuta mepesi isishike kutu.

Beringi yenyewe isitiwe majini wala katika mafuta ya taa. Grisi yake imefungiwa ndani, na mafuta ya taa huiyeyusha. Beringi hutoka iking'aa, kumbe imekwisha kufa. Ifutwe kwa kitambaa, izungushwe kwa kidole. Ikikwaruza kama yenye mchanga, au ikichezacheza, itupwe. Mpya iwe na kipenyo kile kile, maana hata nusu milimita huonekana katika kazi.

Kunoa kwataka subira. Meno ya biti nyingi ni ya kabaidi, ngumu kuliko kinoo cha kawaida, kwa hiyo hunolewa kwa bamba la almasi. Tunoe uso bapa wa ndani tu, na kila jino lipate misuguo sawa na mwenziwe, la sivyo biti itatetemeka. Mwenye kunoa upande wa nje amepunguza upana wa biti, wala haitalingana tena na beringi yake.

Na shina la milimita 6 lisifungwe katika koleti ya robo inchi. Robo inchi ni milimita 6.35. Nafasi hiyo ndogo yatosha biti iponyoke ikiwa katika mbio zake, na hapo hatusemi tena habari ya mbao, twasema habari ya vidole na macho.

Sasa neno la chama. Iko karakana moja ambamo beringi mpya huombwa mwezi hata mwezi na haziji, kisha ubao ulioungua hukatwa katika mshahara wa fundi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibiwa kwa kusudi. Beringi iliyochakaa kwa kazi si kusudi la mtu. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo, yamtaka mwajiri atunze mashine ziwe salama. Kwa hiyo twadai mambo mawili: beringi za akiba ziwekwe stoo, na nusu saa ya kusafisha kila Ijumaa ihesabiwe kuwa saa ya kazi.

Kila karakana iweke beringi zake mbovu katika kopo, pamoja na tarehe ya kila ombi lililoandikwa. Siku ya mkutano na wasimamizi, makopo hayo yaletwe yote mezani.