Kabla Kigasha Hakijafungwa: Maneno Machache kwa Mtumiaji wa Huduma za Tiba



Naomba kila mmoja wenu abane kiwiko ubavuni, aelekeze kigasha mbele, kisha akunjue kiganja kama mtu anayepokea chenji. Sasa geuzeni kiganja kitazame chini. Bega halikusogea, kiwiko hakikusogea. Hata hivyo mkono umezunguka karibu nusu duara. Mzunguko huo ndio tunaoutumia kufungua kitasa, kukamua nguo, kumimina chai na kupeleka tonge kinywani. Aupotezaye hulazimika kuinua bega na kupinda kiwiliwili, ili tu ageuze ufunguo.

Kigasha kina mifupa miwili. Ule wa upande wa kidole cha mwisho, uitwao alna, umeungana na mfupa wa mkono wa juu kwa kiungo kilicho kama bawaba ya mlango: hukunja na kukunjua, basi. Ule wa upande wa gumba, yaani radiasi, ndio msafiri. Kiganja kikitazama juu, mifupa hiyo hulala sambamba kama reli. Kikitazama chini, radiasi huwa imemvuka mwenzake. Safari hiyo huhitaji viungo viwili, kimoja kiwikoni na kingine karibu na kifundo cha mkono. Kiwikoni, kichwa cha radiasi huzunguka ndani ya pete ya kano. Kwa kuwa ncha hizi mbili hutembea pamoja, ajali ya chini yaweza kuficha madhara ya juu. Ndiyo maana, kigasha kinapovunjika, una haki ya kuuliza kama picha ya eksirei imeonyesha kiwiko na kifundo vyote viwili.

Pete hiyo ni legevu kwa mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka 5. Mzazi anayemvuta mtoto kwa mkono mmoja ili awahi daladala aweza kukichomoa kichwa cha mfupa bila kukusudia. Mtoto hulia, kisha huuacha mkono ukining'inia na kukataa kuutumia. Mtaalamu hurudisha kiungo kwa mzunguko mmoja mfupi, na mara nyingi mtoto hushika kitu tena baada ya dakika chache. Kwa kawaida hapahitajiki hogo wala dawa ya kuchua. Anayekuuzia vitu hivyo mwulize ni vya nini. Lakini mtoto akiwa ameanguka, au kiwiko kimevimba, mkono wake usizungushwe na yeyote kabla ya uchunguzi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Mtu ateleza, ajikinga kwa kiganja, na radiasi yavunjika karibu na kifundo. Abraham Colles wa Dublin alieleza mvunjiko huu mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa. Yeye alikuwa na udhuru wa kutegemea vidole vyake, sisi hatuna. Uvimbe huendelea kuongezeka kwa siku moja au mbili baada ya ajali, ilhali misuli ya kigasha imo ndani ya ala zisizotanuka. Mkono ukifungwa kwa nguvu, kwa vijiti au kwa plasta, shinikizo hupanda hadi damu isipite, na ndani ya muda wa saa 6 hivi misuli huanza kufa. Mwaka 1881 Richard von Volkmann, mpasuaji wa Ujerumani, aliandika juu ya mikono iliyokunjamana kama makucha baada ya kufungwa namna hiyo. Simlaumu mganga wa jadi peke yake: nimeyaona madhara hayo chini ya vijiti, na nimeyaona chini ya plasta ya hospitali.

Dalili ya kwanza ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa vidole vinaponyooshwa. Hufuata ganzi, baridi na weupe wa vidole huweza kuchelewa, basi usivisubiri. Usisubiri pia kukuche, wala usinyamazishwe kwa vidonge vya maumivu. Rudi usiku huohuo, useme waziwazi kwamba unataka mkono ufunguliwe na utazamwe. Aliyekufunga asipatikane, nenda kituo kingine.

Kuhusu vifaa vya dukani nitasema kwa ufupi. Mkanda wa maumivu ya upande wa nje wa kiwiko huvaliwa juu ya nyama ya kigasha, vidole viwili au vitatu chini ya kiwiko; ukikaa juu ya mfupa, haufanyi kazi yake. Pima mzingo wa mkono kabla ya kununua, udai risiti. Bangili za sumaku zinazonadiwa kuwa hutibu viungo hazijathibitishwa kitabibu, na bei yake si ndogo. Malalamiko ya ubora wa kifaa tiba hupelekwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Mwisho, plasta ikiondolewa, muulize mhudumu ni lini utaanza mazoezi ya kugeuza kiganja. Shughuli nyingi za nyumbani huhitaji mzunguko wa digrii 100 tu, nusu ya kutazama juu na nusu ya kutazama chini, na wengi huweza kuurudisha wakianza mapema. Aliye na mkono uliofungwa hapa ukumbini na aje mbele kwanza, kabla ya maswali. Nataka nivione vidole vyake.