Walibeba vita ya uhuru, sheria ikawaacha inje



Leo nataka tusemee Algeria. Iko mbali, lakini inatuhusu. Mwezi wa 12 mwaka 1958, pale Accra, Lumumba alikuwa mu mukutano mumoja na Frantz Fanon, mutu aliyekuja kusemea Algeria iliyokuwa mu vita na Ufaransa.

Vita ile ilianza tarehe 1/11/1954, ikaisha mwaka 1962. Picha tunayoonyeshwa kila siku ni mwanaume na bunduki mu milima. Sasa, nani alikuwa anamupikia? Nani alimuficha? Nani alipitisha dawa, barua, hata mabomu, kwenye bariere za askari mu muji wa Alger? Wamama na wasichana! Kisha vita, serkali yenyewe iliandika wanawake zaidi ya 10.000 kuwa wapiganaji. Na wengi hawakuandikwa, juu kupika na kuficha watu hakukuhesabiwa kama vita.

Djamila Bouhired alikamatwa mwaka 1957, akateswa, akahukumiwa kifo. Alikuwa na miaka 22 tu, sawa wengi wenu hapa. Dunia ikapiga kelele, hawakumuua.

Fernand Iveton hakupona. Alikuwa mutu wa asili ya Ulaya, mufanyakazi wa kampuni ya gazi, aliyechagua upande wa Waalgeria. Bomu lake halikulipuka, halikuua mutu. Walimukata kichwa tarehe 11/2/1957.

Uhuru ukakuja. Mwaka 1963 sheria ya uraia ikasema: Mualgeria wa asili ni yule ambaye baba na babu yake walizaliwa kule na walikuwa Waislamu kisheria. Mukristo ao Muyahudi aliyefungwa juu ya uhuru ule, yeye aombe kwanza! Mwaka 1984 sheria ya familia ikakuja: mwanamke mukubwa hawezi kujiozesha bila mwanaume wa kumusimamia, tena amutii bwana yake. Wamama waliopigana walikuwa wamekwisha kuandamana kuikataa. Ikapita vile vile.

Mumeona? Siyo kusahau. Ni watu walikaa kwenye meza, wakaandika, na wengine hawakuwa na kiti pale.

Na sisi? Mu uchaguzi wa mwaka 1960, wamama wa Kongo hawakupiga kura. Serkali ya kwanza haikuwa na waziri mwanamke hata mumoja. Lakini Andrée Blouin alikuwa amezunguka Kwilu akiamsha wamama juu ya uhuru huo huo. Ni wangapi kati yetu walimusoma ku masomo?

Kwa hiyo, mambo mbili. Kwanza, kila mumoja aende kwa mama ao koko mumoja wa kartie yake, amuulize alifanya nini mu miaka ya mapambano, aandike jina, tarehe na fasi. Pili, mu mikutano yetu, tuangalie nani anasema, nani anatia sahihi, na nani anatumwa kuleta maji. Tusingoje ushindi ndipo tugawe viti.

Mwezi wa 3 mwaka 2019, Bouhired alitembea tena mu barabara za Alger pamoja na vijana. Alikuwa amepita miaka 80. Alikuwa anaendelea kudai.