Samia na Bukhayo ndani ya jezi ya Ingwe

Msikilizaji, ukimwona mwendesha boda boda pale mpakani Busia kavaa jezi ya bluu na nyeupe ya AFC Leopards, yaani Ingwe, fahamu kuwa jezi ile ina jasho la kwao. Mwaka 1964, timu za Waluhya wa sehemu moja moja, zikiwemo za Samia na Bukhayo za huku Busia, ziliungana zikazaa klabu ya Abaluhya. Mwaka 1979 klabu hiyo ikatwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati.

Sasa sikiliza. Mwaka 1980 serikali ilitaka majina ya kikabila yaondoke michezoni. Ndipo Abaluhya ikawa AFC Leopards. Wapo wanaosema uamuzi ule ulikuwa wa haki, nami nakubaliana nao: kijana Mteso wa Malaba, asiye Mluhya, angejionaje katika jina Abaluhya?

Lakini kwa upande wa pili, habari za timu zile ndogo zimebaki zaidi vinywani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Mtoto anayepiga mpira leo Funyula au Nambale ana haki ya kuzijua.

Je, kati ya klabu, kaunti na sisi wenyewe, nani atakaa na wazee hao aandike?