Msaada wa sheria uwafuate wazee mashinani

Habari za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwatumia fedha wazee na wengine wasiojiweza, huishia kwenye tarehe ya fedha kutumwa. Tuwatazame wanaozikosa. Kwa mzee wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi ni unga na dawa. Alama za vidole zisiposomeka, au jina likitofautiana na la kitambulisho, mzee huzungushwa kutoka kwa chifu hadi kwa wakala wa benki bila jibu.

Mzee huyu haombi sadaka. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinatambua haki ya hifadhi ya jamii. Cha 47 kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi unapomdhuru. Nayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria wa jamii, wanaoweza kumsaidia kudai haki hizo.

Msaidizi akimwandikia mzee barua ya malalamiko kwa ofisi husika inayotaja vifungu hivyo, na nakala ikagongwa muhuri wa kupokelewa, ofisi haiwezi tena kudai kirahisi kwamba haikupokea malalamiko.

Basi serikali iwape wasaidizi hawa mafunzo na nauli, na siku ya malipo wawepo pale pale wazee wanapopanga foleni.