Mizani ya Haki Msimu wa Mpunga



Ama baada ya kumshukuru Allah (s.w.), tunakumbushana kuwa mpunga wa Mwanzugi na wa majaruba ya mbugani unapovunwa, lumbesa nayo huingia. Mnunuzi hushindilia gunia, akalishonea nyongeza juu, kisha akalipa bei ya gunia moja. Huko ndiko kupunja kulikolaaniwa katika Suratul-Mutaffifiin.

Wapo pia wanunuao mpunga ungali mbichi jarubani, kwa kuwa mwenyewe ana njaa. Sheria yetu imeruhusu salam, yaani kulipa sasa na kupokea baadaye. Lakini bei yote ilipwe papo hapo, kipimo na muda vijulikane, wala isiwe mazao ya jaruba maalumu yasiyoiva.

Mkulima peke yake hushindwa kumkatalia mnunuzi. Wengi wenye ghala moja na mizani moja huweza. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya 1982. Basi tujiunge, tuhudhurie mikutano, tukague hesabu. Nasi tuuzapo mchele sokoni, tupime sawasawa: dhulma haihalaliki kwa kuwa mwenye kuitenda ni mkulima.